Kutoka Makupa hadi Mtongwe: kufuata njia ya mafuta

JUMATATU. Makupa na Kipevu

Kondakta wa matatu ya Changamwe hakufurahi nilipomwambia anishushe mwisho wa daraja la Makupa, hapa Mombasa. "Hapa si steji, kaka." Nikamjibu kwamba nataka kuangalia maji. Akagonga bati mara mbili, dereva akapunguza mwendo bila kusimama sawasawa, nikaruka na mkoba wangu huku abiria mmoja akisonya.

Ukisimama hapo, mkono mmoja una Kibarani na wa pili una matangi ya Shimanzi. Kabla ya daraja hili kufunguliwa mwaka 2022, barabara ilipita juu ya kifusi, na maji ya upande wa Tudor yalikuwa hayaonani na ya upande wa Port Reitz. Kibarani nako kulikuwa jaa la mji mzima. Ulikuwa ukifumba pua tangu gari linapoteremka kilima. Leo pamepandwa nyasi na miti, na watu huja kupiga picha. Sina haja ya kuwaharibia picha zao, ila mimi nilikuja kwa jambo la 1988. Mwaka huo tangi la mafuta lilitoboka, na tani 5,000 hivi zikateremkia mkono huu wa bahari. Mikoko ya karibu hekta 10 ikafa. Mafuta yakiingia kwenye maji yaliyofungwa upande mmoja hayana pa kutokea. Maji yakijaa yanapanda nayo hadi kwenye mizizi, yakipwa yanayaacha palepale, na kesho yake tena hivyo hivyo.

Nimezunguka kutafuta alama yoyote ya jambo lile. Hakuna kibao. Kuna mikoko michanga, chupa za plastiki na yangeyange wawili wanaoparura tope.

Nikachukua bodaboda hadi Changamwe, kisha nikateremka kwa miguu kuelekea Kipevu. Kiwanda cha kusafishia mafuta kiko kule juu. Kilianza kazi mwaka 1963 na kikaacha kusafisha mwaka 2013, sasa kazi yake ni kuhifadhi tu. Chini kuna gati la mafuta la zamani, na katikati ya maji kuna jipya, lililoanza kutumika mwaka 2022, ambalo mabomba yake yamepitishwa chini ya bahari. Wavuvi wa huku wanaegesha mitumbwi yao kwenye kipande cha mchanga na tope, wakiyatazama magati yote mawili. Diko lenyewe, pale wanaposhushia samaki, ni banda la makuti, mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti, na paka wengi kuliko samaki.

Nilionyeshwa mzee wa kuzungumza naye. Wanamwita Mzee wa Dema kwa sababu ni yeye peke yake anayesuka madema, ile mitego ya samaki, kwa fito. Vijana hununua ya waya. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaendelea kusuka bila neno. Nikakaa chini. Niliona kwamba swali langu haliwezi kuulizwa kwa kusimama.

"Wataka ya mwaka gani?" akaniuliza mwishowe. "Maana yamekuja zaidi ya mara moja."

Nikamwambia nataka ya 2005. Tarehe 7 Aprili mwaka ule, meli ya mafuta iitwayo Ratna Shalini ilipasuka ubavu hapa bandarini Kilindini, na tani 200 hivi za mafuta ghafi zikamwagika. Kwa habari za dunia tani 200 ni kidogo, hazifiki hata kwenye ukurasa wa mbele. Mzee hakuniambia kuhusu tani. Aliniambia kuhusu harufu.

"Twalianza kuyasikia kwa pua, usiku. Nikamwambia mke wangu jiko lavuja. Akaniuliza, jiko la makaa lavujaje? Asubuhi nikaenda kwenye madema yangu. Kamba ya boya ni nyeusi. Naivuta, mikono yawa meusi. Ndani mna changu na chaa, wazima, wapumua. Nikawaangalia sana. Wapumua, lakini nani atawala?"

Nyavu waliziosha kwa mafuta ya taa. "Mafuta kuosha mafuta," alisema, akatema pembeni. Harufu haikutoka. Yeye na wenzake kadhaa wakaajiriwa kwa kutwa kuyazoa kwa ndoo na magunia. "Kwa hivyo ukiniuliza kama nilipata kitu, nitakwambia nilipata. Nilipata kibarua."

Mtu asiyejua bahari ya huku hawezi kuona ubaya wa mwezi ule. Aprili ndipo kusi, ule upepo wa kusini, linapoanza kusimama. Kusi likisimama, mtumbwi wa kafi na ngalawa ndogo haivuki mwamba kwenda nje. Ukijaribu unarudishwa, au hurudi kabisa. Miezi hiyo, hadi kusi likatike, watu wadogo hula kutoka ndani ya mikono ya bahari. Humo ndimo wanamopata tafi, mkizi, kamba, kaa na chaza. Yale mafuta yalimwagika ghalani, msimu ambao hakuna shamba. Mtu angetaka kuchagua mwezi wa kuwaumiza wavuvi wa Port Reitz asingechagua mwingine.

JUMANNE. Ndani ya mikoko

Tumeondoka na maji yakijaa, mimi, mzee, na mjukuu wake kwenye upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi. Bamvua hii imeingia vizuri, kwa hivyo tuliweza kupita juu ya fungu la tope ambalo siku za maji mafu ungeshuka na kuukokota mtumbwi. Nyuma yetu kulikuwa na meli ya mafuta imefungwa gatini, kubwa hata ukiiangalia unasahau kwamba ina watu ndani. Mbele, kwa mbali, daraja la barabara ya Dongo Kundu.

Mzee aliitaja miti kabla hatujaifikia. Mlilana mbele kabisa, unaopigwa na mawimbi. Nyuma yake mkoko wenyewe, wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani na kusimama majini. Kisha mkandaa, na juu kwenye chumvi kali, mchu. Mchu hutoa vijiti vingi vinavyochomoza topeni, na kwa vijiti hivyo ndivyo unavyovuta hewa, kwa sababu tope la mikoko halina hewa. Mkoko nao una vitundu vidogo kwenye mizizi yake ya juu, kazi ni hiyo hiyo. Mafuta mazito yakipaka hapo, mti unakosa pumzi. Haufi siku ile. Majani hugeuka manjano, huanguka, na wiki au miezi baadaye unaona shina limesimama tupu.

"Mchu ukiukata huchipuka," mzee alisema. "Mkoko ukishapukutika wote, basi. Huo haurudi."

Nilimuuliza ile miti iliyokufa iko wapi. Alicheka. Mti uliokufa hausubiri mgeni miaka 20 na zaidi. Ulishakuwa kuni na boriti. Alichonionyesha ni uwazi, mahali ambapo mikoko imekatika na kuanza tena mbele, katikati pakiwa na tope tupu lenye miche michache aliyosema haikupandwa na mtu. Sikuweza kujua kama uwazi ule ni wa mafuta au wa shoka, na yeye mwenyewe alisema vyote viwili vilipita hapo.

Maji yalipoanza kupwa tulishuka. Kwenye kidimbwi kidogo baina ya mizizi niliona utando wa rangirangi, zambarau na kijani, unang'aa. Nikatoa simu haraka. Mzee akaniambia ngoja. Akachukua kijiti, akauchoma utando ule katikati. Ukavunjika vipande vipande, kila kipande kikabaki peke yake.

"Hayo si mafuta. Hiyo ni kutu ya tope, iko hata pasipokuwa na meli. Mafuta hayavunjiki. Yapasue, yatarudiana."

Tulitembea tena, mjukuu akitukanya tusikanyage ovyo. Hilo la kukanyaga nimelisikia pia kwa watu wa utafiti: katika kusafisha mikoko, miguu ya wasafishaji huweza kuleta madhara makubwa kuliko mafuta yenyewe, kwa sababu unayashindilia chini ambako hakuna hewa na hakuna kijidudu cha kuyala kwa haraka. Yakifika huko yanakaa miaka na miaka. Mashimo ya kaa nayo ni njia. Mafuta hushuka humo yenyewe bila kusukumwa. Ndiyo maana ufuo wa mchanga hupona upesi na mikoko huchelewa. Na ndiyo maana wataalamu hawapendi kumwaga dawa za kutawanya mafuta kwenye maji mafupi kama haya. Dawa huyavunja mafuta yakachanganyika na maji, na hapa chini ni karibu mno, yanafikia kamba na mayai ya samaki.

Karibu na mdomo wa kijito kimoja mjukuu aliingiza upondo topeni hadi kiasi cha mkono, akauchomoa, akauzungusha kwenye maji safi. Utando ukatoka. Mwembamba, mweupe kidogo pembeni. Nikaupasua kwa kijiti kama nilivyofundishwa. Ukarudiana.

Hatukusema kitu kwa muda. Nikanusa upondo: tope, chumvi, na nyuma kabisa harufu ya gereji. Nikamuuliza mzee, haya ni ya 2005?

"Sijui. Yaweza kuwa ya meli ile, yaweza kuwa ya injini ya boti jana. Tope halina risiti."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichonisumbua tangu Makupa. Kila mtu huku anajua alichopoteza, na hakuna hata mmoja mwenye karatasi.

JUMATANO. Mvua

Mvua imekesha na kushinda. Hakuna aliyeingia majini. Nimekaa kibandani kwa muuza chai Changamwe, mahamri mawili na mbaazi, nikitazama mtaro. Maji ya mvua hukusanya kila kitu kinachodondoka kwenye gereji za malori, oili chafu, dizeli, grisi, na kukipeleka kilimani chini, baharini. Muuza chai aliniona nikiangalia akasema, "Hiyo ndiyo meli yetu, huja kila masika." Nilimwambia nitaiandika, akataka nimlipie chai ya pili kwanza.

ALHAMISI. Likoni na Mtongwe

Feri ya Likoni saa mbili asubuhi ina watu wa kutosha kujaza kijiji. Upande wa pili nikapanda matatu ya Mtongwe, kijiji kinachotazamana na bandari. Ukikaa barazani unaona makreni yakishusha makontena ng'ambo.

Nimekuja kuwaona mama karanga, wale wanawake wanaonunua samaki dikoni, wakawakaanga na kuwauza jioni barabarani. Nilitaka kwanza kuzungumza nao, kwa sababu kila ripoti ya mafuta niliyowahi kuisoma huanza na mvuvi na kuishia na mvuvi. Mwanamke mwenye karai hutajwa kwa sentensi moja, kama ana bahati.

Aliyenikaribisha ni mama wa makamo, karai lake limeinamishwa likauke, mikono ina alama za mafuta ya moto hadi kwenye kiwiko. Nilimwita Mama, akaniita mwanangu ingawa hatupishani sana. Alikuwa anapaa tafi. Kisu kinapanda kutoka mkiani, magamba yanaruka, kidole gumba kinafungua matamvua, matumbo nje, maji, kando. Hakuwa akiangalia mikono yake hata kidogo, alikuwa akiniangalia mimi.

"Mwaka ule wa mafuta," alisema, "samaki hawakuisha. Watu ndio walioisha."

Alinieleza hivi. Habari ilipotangazwa kwenye redio, wateja waliacha kula samaki, na hawakuuliza samaki huyu ametoka wapi. Alijaribu kuagiza kutoka kusini, Shimoni na Vanga, ambako mafuta hayakufika. Samaki safi kabisa. Mteja anamnusa, anasema ana mafuta. "Sasa namwambia, si nimemkaanga, angekosaje mafuta?" Akacheka mwenyewe, kisha akaacha. Yale ya meli, alisema, yalimwagika bure, haya ya kupikia huyanunua kwa kupima.

Wanawake wengine wawili walikuwa wamekaa karibu wakisikiliza. Mmoja alikuwa akienda topeni kuchimba kaa na kuokota chaza. Yeye hanunui kwa mvuvi wala hana mtumbwi. Maji yakipwa huingia kwa miguu, yakijaa hutoka. Alisema aliacha kwa muda mrefu, na alipoulizwa muda gani alihesabu kwa watoto: huyu alikuwa hajaanza kutembea, na nilirudi topeni amekwenda chekechea. Hakuna aliyekuja kumwandika. Waliokuja kuandika waliuliza vyombo vingapi, nyavu ngapi, injini ngapi.

Niliwaeleza ninayoyajua. Kuna mikataba ya kimataifa ya mwaka 1992, na Kenya imo. Meli ya mafuta ikimwaga, mwenye meli hulipa kwanza hadi kiwango chake, bima yake ikisimama nyuma. Hasara ikizidi hapo kuna mfuko wa fidia wenye ofisi London, unaochangiwa na wanaopokea mafuta kutoka baharini katika nchi wanachama. Mfuko huo haulipi wavuvi peke yao. Aliyepoteza riziki kwa sababu bahari imechafuka anaweza kudai, na muuza samaki anaweza kuwa mmoja wao. Hata yule anayevua kwa ajili ya kula tu anakubaliwa, na wanajua kwamba mtu kama huyo mara nyingi hana karatasi, kwa hivyo kuna njia za kukadiria. Lakini lazima madai yafikishwe ndani ya miaka 3 tangu hasara, na kwa vyovyote isipite miaka 6 tangu mafuta yamwagike.

Mama wa karai akauliza, "Na London wao wajua tafi ni shilingi ngapi?"

Swali zuri. Wanajua kama umeandika.

Kuna kasoro nyingine ambayo sikupenda kuitaja lakini niliitaja. Mikataba ile ni ya mafuta mazito, yanayoganda na kukaa. Petroli, mafuta ya taa na dizeli nyepesi hayamo. Na tangu kiwanda cha Changamwe kiache kusafisha mwaka 2013, sehemu kubwa ya mafuta yanayoingia Kilindini ni yaliyokwisha kusafishwa. Hayo huvukia upesi, picha zake gazetini huwa si mbaya, ila kwa kamba na samaki wachanga ni sumu kali kwa zile siku za mwanzo. Vilevile mfuko ule ni wa meli za kubeba mafuta. Mauritius, mwaka 2020, meli ya Wakashio ilipanda mwamba mwezi Julai, na Agosti ikamwaga tani 1,000 hivi. Ilikuwa meli ya mizigo. Yaliyomwagika yalikuwa ya injini yake mwenyewe. Fidia ikafuata mkataba mwingine kabisa. Zile meli za makontena tulizokuwa tukizitazama ng'ambo, kila moja ina matangi ya namna hiyo.

"Kwa hivyo kwanza tuichungulie ni meli gani, ndipo tujue kama tumepata hasara," alisema yule wa kaa. Sikuwa na la kuongeza.

Kisha mama wa karai akaingia ndani akatoka na daftari la shule, jalada limeloa mafuta hata unaona maandishi ya ukurasa wa kwanza kupitia juu. Ni daftari la madeni. Hana haja ya kuandika wanaolipa. Ndani, kwa kalamu ya risasi: Fundi Cherehani, tafi 2. Mama Asha wa juu, chaa fungu 1. Askari wa geti, changu mkubwa. Kila aliyelipa amepigwa mstari. Kila mwezi una kurasa zake, na nilipozifungua za nyuma niliona jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa ameliona: miezi ya kusi kurasa zinapungua, na aina ya samaki inabadilika, changu wanatoweka, tafi na mkizi wanajaa. Biashara yake yote ilikuwa mle, msimu kwa msimu. Nimeona vitabu vya makampuni visivyosema ukweli kwa uwazi ule.

Nilimwambia asitupe lolote kati ya haya. Akasema yale ya zamani amewashia jiko.

Kulikuwa na jina moja lililojirudia bila mstari. Nilipotaka kulisoma aliliwekea kidole. "Huyu ni mkubwa. Usimwandike."

IJUMAA. Baada ya sala

Kikao cha BMU, kikundi cha kusimamia diko, kimefanyika chini ya mwembe baada ya sala ya Ijumaa. Kanuni za BMU zilitoka mwaka 2007, yaani miaka miwili baada ya Ratna Shalini. Nadhani hilo linaeleza mengi: mafuta yale yalipokuja, madiko mengi hayakuwa na kitabu cha kilo wala cha majina. Siku hizi kipo. Katibu ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwandiko mzuri, na kitabu chake kina safu za tarehe, jina la nahodha, chombo, nambari ya usajili, aina ya samaki, kilo, bei.

Mama wa karai alikuja na wenzake, kumbe mazungumzo ya jana yalilala nao. Wakasema wanataka kuandikwa.

Mwenyekiti alikuwa mpole. Alisema kitabu ni cha samaki wanaoshuka dikoni, na wao hawashushi samaki. Mama akamuuliza, samaki akishashuka huenda wapi, hutembea? Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema suala si kucheka, suala ni wanachama. Katibu, pole pole, bila kuinua macho, akasema kanuni haziwakatazi wachuuzi kuwa wanachama. Mwenyekiti akamwangalia. Akasema basi walipe ada. Wakauliza ada ni kiasi gani kwa anayechimba kaa siku mbili kwa wiki. Hapo wanaume wakagawanyika, mmoja akisema ada ni ada, mwingine akisema mkewe naye huchimba kaa na hataki kulipa mara mbili nyumba moja.

Mzee mmoja alileta habari ya Owino Uhuru, kule Mikindani, na kikao kikatulia. Wote wanaijua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatilia watu madini ya risasi mwilini, wakapigana miaka, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikaenda hadi Mahakama ya Juu. "Wale walipimwa damu," mzee alisema. "Walikuwa na karatasi za damu. Sisi tukiulizwa tutaonyesha nini, mikono?"

Ikakubaliwa wanawake waandikwe kwa majaribio hadi kikao kijacho, na ada ijadiliwe wakati huo. Waliochimba kaa hawakupata uamuzi. Mwenyekiti alisema kaa si wa diko, ni wa tope, na tope ni la watu wa misitu. Yule mama wa kaa alikunja kanga yake kiunoni akasema atawafuata hao wa misitu Jumatatu, wamwambie kaa ni mti gani.

Katibu akapiga mistari ya ukurasa mpya kwa rula. Akamwambia mama wa karai ataje mauzo ya wiki. Mama akafungua daftari lake akaanza kusoma: fundi, askari, mama wa juu. Mwenyekiti akamkatiza. Hayo ni madeni, alisema, deni si mauzo, kitabu hiki ni cha serikali, hakiandikwi watu ambao hawajalipa.

"Sawa," mama akasema, akainua daftari karibu na macho. "Basi nianze na wewe, nikufute. Tafi wawili wa Jumamosi, mkizi wa juzi. Utalipa sasa hivi au?"

Mwenyekiti akajipapasa mfuko wa kanzu. Watu walikuwa wanacheka hadi paka wakaondoka. Katibu alisubiri kidogo, kisha, kwa mwandiko wake mzuri, akaandika: tafi 2, mkizi 1, mwenyekiti, hajalipa.